Upara si Dhahabu
Kusini ya Afungi na mkoa wake wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Nampula, uko mkoa wa Zambezia. Huko Milange, mwaka 2017, wanaume wenye upara waliuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Ilhali chanzo cha upara kilikwisha kujulikana: mwaka 1942 James Hamilton wa Marekani alionyesha kuwa hutokana na urithi pamoja na homoni za kiume, kwani waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawakuupata. Dawa zipo, minoksidili ya kupaka na finasteridi ya kumeza, nazo hufaa maadamu zatumiwa. Zikiachwa, nywele hunyonyoka tena. Ndugu walimu, tuyafundishe haya. Upara haujamdhuru mtu. Ujinga ndio ulioua.