Milango ya kuifikia tezi iliyo juu ya figo

Mwaka 1926 Pumwani, huku Eastlands ya Nairobi, ilipata hospitali ya kina mama kujifungulia, ile ile ambayo imepokea vizazi vya Bahati, Shauri Moyo na Eastleigh. Mwaka huo huo, mjini Lausanne nchini Uswizi, daktari César Roux alimtoa mwanamke mmoja uvimbe uliokuwa kwenye tezi ya adrenali. Haukupita mwaka, Charles Mayo naye akautoa uvimbe wa aina hiyo kule Rochester, Marekani. Mgonjwa wake alikuwa mtawa aliyeteswa na presha ya kupanda ghafla. Hakuna kati ya madaktari hao aliyejua atakuta nini kabla ya kupasua. Wagonjwa wote wawili walipona.

Eastlands presha tunaijua. Kutoka Kaloleni hadi Kayole, ni nadra kukosa nyumba ambayo mzee wake anameza vidonge kila asubuhi. Wengi wao hawana uvimbe wowote. Lakini wapo wachache ambao kichwa huwagonga, jasho likawatoka na moyo ukawaenda mbio, kisha yote yakatulia kana kwamba hayakuwapo. Huambiwa ni mawazo. Inaniuma, kwa sababu baadhi yao tezi ndogo isiyofika gramu 10 inamwaga adrenalini kwenye damu bila kipimo.

Tezi za adrenali ni mbili, nazo zimekaa mahali pabaya: juu ya figo, nyuma ya matumbo, chini ya mbavu. Zamani, kabla ya skani, daktari hakuwa na hakika uvimbe uko kulia au kushoto, kwa hiyo alipasua tumbo kwa mbele apate kutazama kote. Mwaka 1936 Hugh Young wa Baltimore alieleza njia ya kupitia mgongoni, pande zote mbili kwa mara moja. Njia zote hizo ziliacha jeraha refu na maumivu ya majuma.

Mabadiliko yalikuja 1992. Michel Gagner wa Montreal alimlaza mgonjwa ubavu, akatoboa matundu madogo, akaingiza kamera na vyombo vyembamba. Mtu akilala hivyo, matumbo huanguka upande yenyewe na tezi hubaki wazi. Miaka miwili baadaye Martin Walz, kule Essen, Ujerumani, alianza kuwalaza wagonjwa kifudifudi na kupitia chini ya mbavu za mwisho, bila kuligusa tumbo. Aliyewahi kupasuliwa tumbo ananufaika sana hapo, maana makovu ya ndani hayamzuii daktari.

Upande wa kulia ndio wa kuogofya. Mshipa wa tezi hiyo ni mfupi mno na unaingia moja kwa moja kwenye mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Ukichanika, damu hujaa upesi. Tena uvimbe wa adrenalini ukiminywa, presha huruka papo hapo. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kulegeza mishipa siku kadhaa kabla, hata kama matundu ni madogo kiasi gani.

Na uvimbe ukiwa mkubwa sana, au ukishukiwa kuwa saratani, madaktari wengi huziweka kando kamera. Hurudi kwenye mkato mrefu wa zamani, ili uvimbe utoke mzima bila kupasukia ndani.