Kapu la mzee wakati wa janga: Jinsi ya kununua chakula bila kuhatarisha maisha

Kisa cha kwanza cha corona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Tangu siku hiyo ujumbe kwa wazee ulikuwa mmoja: kaeni nyumbani. Ujumbe huo ulikuwa na sababu, kwani virusi hivyo viliwalemea zaidi watu waliopita umri wa miaka 60, na hasa wenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo na mapafu. Lakini nyumba haijipikii. Mzee aliyeambiwa asitoke bado anataka unga, maji, mafuta, mboga na dawa. Asipopelekewa, atatoka tu, au atalala njaa kimya kimya kwa kuona haya kuomba.

Makala haya yanaeleza namna familia, majirani na wazee wenyewe wanavyoweza kupanga ununuzi wa chakula wakati wa janga. Mifano ni ya Pwani na ya corona, ila mpango ni ule ule hata maradhi yatakayokuja yawe na jina jingine.

Hatari iko wapi hasa?

Wengi walidhani hatari kubwa imo ndani ya mfuko wa bidhaa. Kuna waliolowesha nyanya na sukuma wiki kwenye maji ya sabuni, na wengine hata kwenye dawa ya kutoa madoa. Usifanye hivyo. Sabuni na dawa hizo hazikutengenezwa kuliwa, na mabaki yake yanaweza kumdhuru mtu tumboni. Mboga na matunda yanatosha kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka.

Virusi vya corona husambaa zaidi kwa pumzi na matone yanayotoka mtu anapokohoa, anapozungumza au anapopiga kelele. Kwa hivyo hatari kubwa ya sokoni ni watu wenyewe: wangapi wamekusanyika, wamekaribiana kiasi gani, hewa inapita vipi, na utakaa nao muda gani. Kibanda cha mama mboga kilicho wazi kando ya njia kina hatari ndogo kuliko duka lililofungwa madirisha na lenye mlolongo mrefu. Dakika tano ni salama kuliko nusu saa. Anayekwenda Kongowea kutafuta punguzo la shilingi kumi, halafu akasukumana na umati kwa saa nzima, amelipa ghali bila kujua.

Mikono nayo isisahauliwe. Mtu anapotoka sokoni anawe kwa sabuni na maji kwa muda usiopungua sekunde 20 kabla ya kushika chakula au kumsalimia mzee. Kama hakuna maji, vitakasa mikono vyenye angalau asilimia 60 ya alkoholi vinafaa.

Chagua mtu mmoja, na awe karibu

Kosa la familia nyingi ni kila mtu kuleta chake. Leo mjukuu analeta mkate, kesho binamu analeta samaki, keshokutwa mkwe analeta matunda. Wote wana nia njema, lakini kila mmoja anaingia na pumzi za mahali alikotoka. Ni bora achaguliwe mtu mmoja anayefanya ununuzi, na wengine wachangie pesa. Achaguliwe pia wa pili wa akiba, iwapo wa kwanza ataugua.

Mtu huyo awe wapi? Mwaka wa 2020 ulitufundisha kwa ukali. Aprili 6 watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, na Aprili 8 ikafuata amri kama hiyo kwa Mombasa, Kilifi na Kwale. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini mwana aliyezoea kuja kutoka Nairobi kila mwisho wa mwezi na gunia la viazi hakuweza kuja. Hata aliye karibu alijikuta mbali: Mtwapa na Bamburi ni mwendo mfupi wa matatu, lakini ni kaunti mbili tofauti.

Kisha Mei 6, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa. Wakazi hawakuruhusiwa kutoka na wa nje hawakuruhusiwa kuingia. Mzee wa Mji wa Kale ambaye msaidizi wake alikuwa Tudor au Likoni alijikuta peke yake kwa usiku mmoja. Funzo ni hili: msaidizi wa kwanza awe mtaa ule ule, hata kama si wa damu. Jirani wa mlango wa pili ana faida kuliko mtoto aliye ng'ambo ya kivuko.

Andikeni orodha kabla ya kwenda

Orodha nzuri hupunguza muda wa kukaa dukani na safari za kurudi kwa kusahau chumvi. Mzee aulizwe kwa simu, taratibu, na asiharakishwe. Kila kitu kiandikwe pamoja na kiasi, aina na mbadala wake. Kwa mfano: "Mchele kilo tano, pishori, ukikosa, sindano. Pojo kilo mbili, ukikosa, kunde." Bila mbadala, msaidizi atasimama dukani akipiga simu mara tano huku watu wakijaa nyuma yake.

Kwa mzee asiyeona vizuri au asiyesoma, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa. Kama simu yake ni ya kubofya, mtoto aliye mbali aongee naye, aandike, halafu amtumie msaidizi orodha hiyo.

Dawa ziingie kwenye orodha hiyo hiyo. Mwenye kisukari au presha asingoje kidonge cha mwisho ndipo aulizie. Akibakiza za wiki mbili, huo ndio wakati wa kuagiza.

Nini kinunuliwe, na kiasi gani?

Chakula cha wiki mbili kinatosha. Anayejaza chumba anawanyima wengine, anapandisha bei, na mwisho anawalisha fukusi. Joto na unyevu wa Pwani havina huruma kwa unga. Unga na mahindi vihifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na sakafu na ukuta wenye maji. Chenye ukungu kitupwe, kisichekechwe wala kuanikwa kikaliwa. Mwaka 2004 sumu ya ukungu wa mahindi, yaani aflatoksini, iliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa nchi, na kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Vya kukaa ni mchele, unga, pojo, maharagwe, kunde kavu, mbaazi, njugu, tende, chumvi na mafuta. Vitunguu, viazi, muhogo, viazi vitamu, maboga na nazi hukaa siku kadhaa bila friji. Mchicha, kisamvu na samaki mbichi vinunuliwe kidogo kidogo kwa jirani au mchuuzi anayepita.

Samaki wa kukausha kama ng'onda na papa huokoa siku ambazo hakuna mboga, lakini wamejaa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kwa mwenye presha jambo hilo ni la dharura zaidi. Walowekwe kwenye maji, maji yamwagwe, na mchuzi usiongezwe chumvi.

Wazee huhitaji vyakula vya kujenga mwili, na hapo ndipo wengi hupungukiwa. Pesa zikibana, mzee hubaki na chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Mayai, pojo, mbaazi za nazi, dagaa na maziwa vipewe nafasi kabla ya soda na biskuti. Kama meno yamekwisha, kisinunuliwe cha kutafunwa. Muhogo uliopondwa au uji wenye njugu zilizosagwa utamfaa kuliko mahindi ya kuchoma.

Maji nayo ni ununuzi. Katika mitaa mingi ya Mombasa mifereji hukauka na watu hutegemea mitungi ya lita 20 ya mikokoteni. Mchuuzi aiache mlangoni, na mtu mwenye nguvu aiingize. Mzee asiinue mtungi peke yake. Kuanguka akavunjika nyonga ni msiba mwingine juu ya ule uliopo.

Kukabidhi bila kuambukiza

Mfuko uwekwe mlangoni au barazani, msaidizi arudi nyuma hatua mbili, ndipo mzee achukue. Mazungumzo yafanyike nje, wote wakiwa na barakoa. Baraza zetu zilijengwa kwa kazi hii ya kukaa, kuongea na kupata upepo, bila kubanana chumbani.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, wengi hutumia vikapu na mifuko ya kitambaa. Ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Msaidizi mwenye homa, kikohozi au mafua asiende kabisa, hata kama anajiambia ni vumbi tu.

Pesa: hapa ndipo penye mtego

Machi 2020 ada za kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa ziliondolewa ili watu wapunguze kushikana noti, na hatua hiyo ikaongezwa hadi mwisho wa mwaka. Iliwasaidia wengi. Lakini mzee asiyezoea kulipa kwa simu ni windo la matapeli.

Nambari ya siri ni ya mzee peke yake. Hata msaidizi mwaminifu asipewe, maana siku pesa zikipungua, yeye ndiye atakayeshukiwa. Ni salama zaidi mzee au mtoto wake kulipa moja kwa moja kwa duka, kisha msaidizi achukue bidhaa. Kama ni pesa taslimu, zihesabiwe mbele ya wote wawili, risiti irudi pamoja na chenji, na kila kitu kiandikwe kwenye daftari dogo. Mtu yeyote anayepiga simu kudai ametuma pesa kimakosa zirudishwe, akatiwe simu, na salio liangaliwe kwanza.

Wanaopokea fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, wakumbuke kuwa siku ya malipo huwa na msongamano. Si lazima kwenda siku ya kwanza. Fedha hizo zikitoka, ni vyema orodha ya chakula cha kukaa iwe tayari, maana kiasi hicho hakivumilii kununua ovyo.

Ikiwa mzee lazima aende mwenyewe

Wapo wasio na mtu, na wapo wasiotaka kutumiwa. Hao waende mapema asubuhi katikati ya wiki, si mwisho wa mwezi mishahara inapotoka. Ng'ambo, maduka kadhaa makuu ya Australia na Uingereza yalitenga saa ya asubuhi kwa wazee kuanzia Machi 2020. Duka la mtaa halihitaji tangazo la serikali kufanya hivyo. Mwenye duka anaweza kusema saa moja hadi saa mbili asubuhi ni ya wazee, na akaweka kiti kimoja mlangoni.

Mzee avae barakoa inayofunika pua na mdomo, achukue orodha, apitie duka moja, na alipe bila kupiga soga. Kwenye matatu akae dirishani na dirisha lifunguliwe. Wakati wa kafyu ahesabu saa za kurudi. Kafyu ya kwanza, iliyoanza Machi 27, 2020, ilianza saa moja jioni, na siku hiyo watu wengi walikwama katika kivuko cha Likoni na polisi wakatumia vitoa machozi. Hapo si mahali pa mtu wa miaka 70 na kikapu mkononi.

Mzee si mtoto

Katika kumlinda, tusimvue heshima yake. Mwanamke aliyekwenda Marikiti kwa miaka 40, akijua nazi kwa kuigonga na samaki kwa kumwangalia macho, hafurahi kuletewa chochote na kuambiwa ashukuru. Aulizwe anataka nini. Kama pesa ni zake, chaguo ni lake. Simu ya video kutoka kibandani ili achague samaki mwenyewe haichukui hata dakika mbili.

Pia tumtazame, tusimhesabie mifuko tu. Nguo zikianza kumpwaya, unga wa wiki iliyopita ukiwa haujaguswa, au akijibu kila siku kuwa "nimeshakula" bila kusema amekula nini, kuna jambo. Huenda gesi imekwisha, huenda ana huzuni, huenda chakula anawapa wajukuu. Aulizwe kwa upole: "Nyanya, leo umepika nini?" Jibu lake litaeleza mengi.

Kila mtaa unaweza kuanza leo. Nyumba Kumi, msikiti, kanisa au chama cha akina mama waandike majina ya wazee wanaoishi peke yao, nani anawanunulia, na nani wa pili akikosekana. Karatasi hiyo ikiwa tayari kabla ya amri ya kufunga mtaa kutoka, hakuna mzee atakayelala njaa kwa sababu kizuizi kimewekwa baina yake na mwanawe. Tahadhari kabla ya hatari.