Takwa: Kaburi la walii na kiu ya Shela

Kila mzozo wa viwanja unapozuka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, hakosi mtu wa kukumbusha kwamba chini ya mchanga ule ndiko yaliko maji matamu yanayounywesha mji wa Lamu. Ni wachache wanaoongeza neno la pili: Shela ni mji wa watu ambao wazee wao walikimbia maji ya chumvi.

Walitoka Takwa, ng'ambo ya pili, kisiwani Manda. Mpaka leo Takwa huendewa kwa mashua, kwa mkondo uliobanwa na mikoko, na sharti maji yawe yamejaa. Yakitoka, abiria hukunja nguo na kukanyaga tope.

Kisiwani humo humo upo mji wa Manda, kongwe kuliko Takwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliufukua akakuta ni wa karne ya 9. Takwa yenyewe ilistawi kuanzia mwaka 1500 hivi na ikahamwa kama miaka 200 baadaye, visima vilipoingia chumvi na ugomvi na mji jirani wa Pate ukizidi. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimbua magofu ya Takwa mwaka 1951, James de Vere Allen akayafyeka upya 1972, na 1982 yakawa urathi wa taifa.

Lakini mji haukufa wote. Limebaki kaburi la walii lililojengewa nguzo, lenye maandishi ya mwishoni mwa karne ya 17. Msikiti wa Ijumaa nao una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na inasadikiwa kwamba pale pia alizikwa sheikh. Kwa watu wa Shela, hapa si makumbusho. Mara mbili kwa mwaka huvuka bahari, wakazuru kaburi na kuomba mvua.

Ziara za aina hii ndizo zinazogawa watu pwani nzima. Wako wanaoziona kuwa bidaa, na wakali zaidi huziita shirki: vipi uende kwa maiti na Mola yu hai? Wenye ziara hujibu kwamba anayeombwa ni Mungu, na walii hutajwa kwa heshima ya ucha Mungu wake. Upande mmoja una vitabu, upande wa pili nao una vitabu, na hoja hizo hazikuanzia Lamu. Ila mwandishi huyu anaona jambo moja wazi: kama si ziara, Takwa ingekuwa mawe na mibuyu tu. Wachimbuaji walikuja wakaenda zao. Waliolilinda jina la mahali ni wale waliorudi kila msimu na dua.

Shela iliendelea. Ilishuhudia vita vya mwanzoni mwa karne ya 19 na kujenga msikiti wake mashuhuri mwaka 1829. Siku hizi sifa yake ni hoteli na nyumba za wageni matajiri, na Manda nako majumba ya ufukweni yanaota.

Kibao cha urathi wa taifa hakilindi kisima. Wanaogawa viwanja kwenye mchanga wa Shela wangewaita kwanza wanaokwenda Takwa kuomba mvua. Hao wanajua mji unavyohamwa, kwa sababu wao ni wajukuu wa waliohama.