Sheria ya Ayala katika Nchi ya Ndovu: Historia ya Uwindaji Nchini Kenya kwa Ushahidi wa Maneno

Utangulizi

Kusini mwa Sahara hakuna ayala. Swala, paa, kulungu, pofu na tandala tunao, lakini yule mnyama wa Ulaya ambaye pembe zake zenye matawi huanguka na kuota upya kila mwaka hakupata kuwa mwenyeji wa nchi zetu. Hata jina lake iliwabidi wafasiri wa Biblia walikope kutoka lugha za Kisemiti. Hata hivyo mnyama huyu tusiyemjua ameacha alama kubwa katika historia ya Kenya. Kwani sheria zilizotungwa Uingereza kwa ajili yake, pamoja na wazo la mlinzi anayelipwa mshahara ili awakamate wanaomwinda, ni miongoni mwa mizizi ya sheria za uwindaji ambazo ukoloni ulizileta hapa.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo, si kwa kutegemea taarifa za maafisa peke yake, bali kwa kuyachunguza pia maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa au kubadilika maana chini ya sheria hizo. Hoja yetu ni kwamba sheria ya uwindaji haikuwagawa wanyama tu katika makundi ya wanaoruhusiwa na wasioruhusiwa kuuawa. Iliwagawa na watu pia. Na kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichotumika sana kati ya afisa, askari na mshtakiwa, mgawanyo huo umehifadhiwa katika lugha yetu hadi leo.

Asili ya sheria

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafalme walitenga misitu mikubwa ambamo ayala na makazi yake viliwekwa chini ya sheria ya pekee. Adhabu zilikuwa kali hata ikalazimu Mkataba wa Misitu wa mwaka 1217 utamke kwamba mtu asipoteze uhai wala kiungo kwa sababu ya mnyama wa mfalme. Karne nyingi baadaye, sheria ya mwaka 1671 iliiweka haki ya kuwinda mikononi mwa wenye mali: ili mtu awe na haki hiyo kwa ardhi aliyoimiliki kikamilifu, ilipasa ardhi hiyo impatie pato la pauni 100 kwa mwaka. Mwaka 1723 ikapitishwa sheria nyingine iliyoruhusu kunyongwa kwa watu waliowinda ayala wakiwa na silaha na nyuso zilizopakwa masizi. Sheria hiyo ilidumu miaka 100, nayo sehemu yake kubwa ikafutwa mwaka 1823.

Mambo mawili yafaa yazingatiwe hapa. La kwanza, mkulima wa Kiingereza aliyemnasa mnyama katika shamba alilolilima mwenyewe aliitwa mhalifu, ilhali bwana mwenye ardhi aliyemuua mnyama yule yule aliitwa mwungwana anayeburudika. La pili, sheria ilitazama sana chombo kilichotumika. Wavu, mtego na mbwa wa kuwindia vilipokutwa nyumbani kwa mtu asiye na haki ya kuwinda, vilitosha kumtia hatiani. Mambo haya yote mawili yalisafiri.

Mkutano wa London na baada yake

Tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa mataifa yaliyokuwa na makoloni Afrika walitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyamapori, ndege na samaki wa bara hili. Hapakuwa na Mwafrika mezani. Mkataba wenyewe haukupata kutekelezwa kama ulivyoandikwa, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za makoloni: orodha za wanyama wa kulindwa, hifadhi, leseni, na vipindi vya mwaka ambamo kuwinda kungekatazwa. Mkataba ulipinga nyavu na mashimo ya kunasia wanyama, na katika uvuvi ulipinga baruti na sumu. Pembe za ndovu zenye uzito usiofikia kilo 5 zilipasa kunyang'anywa.

Haifai tuyakejeli yote haya. Baruti huua samaki wakubwa kwa wadogo, na mvuvi yeyote wa pwani anajua kwamba utupa ukimwagwa bila kiasi humaliza mbegu ya kesho. Tena ndovu walikuwa wameuawa kwa wingi mno katika karne ya kumi na tisa, ili meno yao yatengenezewe vitufe vya piano na mipira ya biliadi ya Ulaya na Marekani. Haja ya kuhifadhi ilikuwapo. Swali ni nani aliyetakiwa kuilipia haja hiyo.

Hapa Kenya, Blayney Percival alipewa kazi ya ulinzi wa wanyama mwaka 1901, na Idara ya Wanyama ikaundwa mwaka 1907. Leseni ya mwindaji mgeni iligharimu pauni 50, wakati ambapo kibarua Mwafrika alipata rupia chache tu kwa mwezi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani na ambaye kwao alisifika kwa kuanzisha hifadhi nyingi, alishuka Mombasa kuanza safari yake ya uwindaji. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, wengi wao kwa ajili ya makumbusho. Hakuna aliyemwita mvunja sheria, wala hakuwa. Lakini mwanakijiji aliyechimba shimo kando ya shamba lake, akanasa mnyama mmoja, alistahili kukamatwa. Bunduki ilikuwa silaha halali, nayo Mwafrika aliruhusiwa kuimiliki kwa nadra sana. Mshale wa sumu, wavu na shimo, ambavyo alikuwa navyo, vilikuwa haramu. Kama ilivyokuwa kwa mkulima wa Kiingereza, chombo ndicho kilichomtia mtu hatiani kabla ya kitendo.

Ushahidi wa maneno

Tuanze na neno "nyama". Katika Kiswahili cha zamani, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, neno hili lilibeba maana mbili bila ugomvi: kiumbe wa porini, na kitoweo kitokanacho naye. Kule Tanganyika watu walimwita afisa wa serikali aliyesimamia wanyama "Bwana Nyama". Jina hilo lina ukweli mwingi kuliko lilivyokusudiwa, kwa maana mtu aliyekabidhiwa wanyama alikuwa pia amekabidhiwa kitoweo cha wenyeji. Neno "wanyamapori", ambalo leo limeenea katika maandishi yote rasmi, limezitenganisha maana hizo. Mnyamapori ni wa kutazamwa na kuhesabiwa. Nyama ni ya buchani. Utengano huo, ambao sheria iliuhitaji sana, haukuwamo katika lugha ya mababu zetu.

Pili, neno "nyara". Maana yake ya asili ni mali au mtu aliyetekwa vitani, na ndiyo maana tunasema kuteka nyara. Katika lugha ya sheria, hasa Tanzania, meno ya ndovu, pembe za kifaru na ngozi za chui huitwa "nyara za serikali". Nchini Kenya pia sheria imeyahesabu meno ya ndovu aliyekutwa amekufa kuwa mali ya serikali, na aliyeyaokota bila kuyatoa ametenda kosa. Mfasiri alitafuta neno la Kiswahili la kuelezea kumbukumbu ya ushindi wa mwindaji, akalipata katika msamiati wa vita. Tukilisoma neno hilo kwa maana yake ya kwanza, twaweza kuuliza: ikiwa hizi ni nyara, vita vilipiganwa na nani, na nani alishindwa?

Tatu, kitenzi "saka" na nomino "msako". Kusaka ni kumwandama mnyama porini mpaka apatikane. Leo, msomaji wa magazeti yetu akiona neno "msako" huwaza kwanza juu ya polisi wanaotafuta watu. Hatudai kwamba sheria ya uwindaji peke yake ndiyo iliyoleta badiliko hili. Twasema tu kwamba njia iliyopitwa na neno hilo ndiyo waliyopitia wawindaji wenyewe: wao waliokuwa wakisaka wakawa wa kusakwa.

Nne, na hili ndilo neno zito kuliko yote, ni "jangili". Lugha za Kihindi na Kigujarati zina neno linalokaribiana nalo sana kwa sauti, lenye maana ya mtu wa porini, asiye na ustaarabu. Kiswahili kilikuwa na maneno yake ya kumtaja mtu wa kazi hii: mwindaji, msakaji na, katika lugha ya pwani, msasi. Maneno hayo yote hutaja kazi. "Jangili" halitaji kazi, hutaja tabia. Askari akisema amemkamata jangili, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya hakimu kuketi.

Waata wa Tsavo

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu au Wasanye. Watu hawa, wasemao lahaja ya Kioromo, walijulikana kote katika nyika iliyo kati ya Tsavo na pwani kwa ustadi wa kuwinda ndovu kwa mshale wa sumu na upinde mzito ambao asiyeuzoea hawezi kuuvuta. Si kweli kwamba waliwinda kwa ajili ya chakula tu. Pembe walizozipata ziliingia katika biashara iliyofika hadi Mombasa na Malindi, na biashara hiyo ilikuwa ya zamani kuliko utawala wa Kiingereza.

Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nyika hiyo ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Katika miaka ya 1956 na 1957 David Sheldrick, Bill Woodley na maafisa wenzao waliongoza kampeni kubwa ya kukomesha uwindaji wa ndovu. Kambi zilivamiwa, pinde na pembe zikachukuliwa, na wanaume wengi wakafungwa. Kwa vipimo vya kiaskari kampeni ilifaulu. Baadhi ya maafisa wenyewe waliona kwamba watu wale walikuwa wamenyang'anywa maisha yao, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili uwindaji wa ndovu uendeshwe kihalali na kwa kipimo katika ardhi iliyopakana na hifadhi. Mpango huo haukuwarudishia Waata mamlaka juu ya nyika yao. Ulikuwa mpango wa serikali, nao wakabaki waajiriwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo, na wataalamu wakabishana vikali kama idadi yao ingalipasa kupunguzwa mapema. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa leseni. Hata hivyo magenge yenye bunduki za kivita yaliendelea kuua, na ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa kiasi cha 167,000 mwaka 1973, walibaki chini ya 20,000 mwaka 1989. Mwaka huo Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na biashara ya pembe baina ya mataifa ikapigwa marufuku. Askari wa wanyamapori waliopoteza maisha wakipambana na magenge hayo wanastahili heshima ya taifa, wala hakuna neno katika makala haya linalokusudia kuipunguza.

Lakini tazama lugha ilivyofanya. Mwata wa 1956 mwenye upinde, na mtu wa 1988 mwenye bunduki ya rashasha aliyetumwa na tajiri wa mbali, wote wawili wameitwa majangili. Neno moja limefuta tofauti ambayo mwanahistoria hana budi kuiona.

Hitimisho

Twamalizia kwa mambo mawili ambayo yamo ndani ya kazi yetu sisi walimu wa lugha. Kwanza, kazi ya uwindaji ilikuwa na msamiati wake: majina ya nyayo, ya upepo, ya sehemu za upinde, ya hatua za kupika sumu, na ya mgawo wa nyama kwa jamaa. Kazi ikikatazwa, maneno yake hayarithiwi. Wanaoyajua katika Kiwaata, na hata katika Kigiriama na Kikamba, ni wazee. Kuyaandika hakumwui ndovu hata mmoja, na kusipofanyika upesi hakutafanyika kabisa.

Pili, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Iliandikwa kwa Kiingereza. Mtu anayekabiliwa na adhabu kama hiyo ana haki ya kuisoma sheria kwa lugha anayoielewa, na kazi ya kuifasiri itawaangukia watu wa idara kama hizi zetu. Siku hiyo itatupasa tuamue ni neno gani tutakaloliandika mahali pa mtu ambaye bado hajahukumiwa. Kiswahili kina neno "mwindaji", na kina neno "mshtakiwa". Hatuna sababu ya kuanza na "jangili".