Kuheshimu Siyo Kukubaliana: Stori ya Mkunazini

Wadau, mjadala wa dini huku hosteli umefika mahali watu wanadhani ukimheshimu mtu wa dini nyingine basi unyamaze, ujifanye mnakubaliana. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu uko Zanzibar ya karne ya 19.

Mwaka 1864 alifika Unguja mmisionari Mwanglikana, Edward Steere. Kilichomleta kilijulikana: kuhubiri Ukristo. Sasa Kiswahili kizuri akipate wapi? Mmoja wa waliomsaidia ni Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa. Alijitolea mwenyewe kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili safi, na Steere akamshukuru kwenye kitabu chake cha 1870.

Je, Sheikh alikuwa amelegea imani? Wala! Huyohuyo alikuwa akibishana na wamisionari kuhusu dini. Kumsaidia mtu aseme vizuri ni kitu kimoja, kukubali anachosema ni kingine.

Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, wamisionari wakajenga kanisa palepale, Mkunazini. Mtawala alikuwa Sultani Barghash, Mwislamu wa Kiibadhi, na saa ya mnara wa kanisa aliitoa yeye.

Lakini tusipambe historia. Waingereza ndo walimlazimisha kufunga lile soko, kwa hiyo siasa ilikuwemo. Tena Barghash huyohuyo alimfunga gerezani Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, Mwislamu mwenzake wa Kisuni, kwa kuupinga Uibadhi. Sheikh alitoka baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Mnaona? Mkristo kapewa saa, Mwislamu mwenzake kapewa jela. Mara nyingi anayetuchoma siyo wa mbali, ni yule wa karibu anayetofautiana nasi kidogo.

Somo langu ni kwamba hisani ya mkubwa haitoshi, maana hisani hubadilika. Ndo maana napenda kwamba uhuru wa dini umeandikwa kwenye Ibara ya 19 ya Katiba yetu. Ila katiba hailali nasi chumbani. Huko tunahitaji tabia ya Sheikh Abdulaziz: kabla hujambishia mwenzako, hebu ieleze imani yake kwa maneno ambayo yeye mwenyewe atasema, "Naam, hapo umenielewa." Ukishindwa, bado hujafikia kubishana.

Mnasemaje wadau?