Vipepeo wadogo wa nyasi: Namna ya kuwatambua na kuwapiga picha

Vipepeo wa samawati wa nyasi fupi, kama zile za kando ya Mto Nairobi huko Dandora, hufanana sana. Zizeeria knysna, ambaye kiwavi wake hula mchicha na mbigili, mara nyingi hudhaniwa kuwa Zizula hylax, mmoja wa vipepeo wadogo zaidi duniani.

Rangi ya juu haiwatofautishi, kwa kuwa katika aina zote mbili dume ni samawati na jike ni kahawia. Ushahidi umo upande wa chini: Zizula ana vinukta vyeusi kwenye ukingo wa mbele wa bawa la mbele, Zizeeria hana.

Kwa hivyo picha yenye thamani ni ya mbawa zilizofungwa. Mpiga picha afike asubuhi kabla jua halijawachangamsha, apige magoti, asimtupie mdudu kivuli, na aishike kamera sambamba na mbawa.

Hatimaye aandike tarehe na mahali. Picha isiyo na hayo ni pambo tu. Yenye hayo hubaki kuwa ushahidi hata nyasi zikifunikwa na taka au majengo.