Barua, Redio na Umeme wa Jua: Mwanamke wa Pwani ya Kusini na Elimu

Barua za Kiswahili kongwe kuliko zote tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Miongoni mwazo zimo za Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa, na za binti yake, Mwana Nakisa. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba malkia si mkulima wa mihogo, na huenda kalamu ilishikwa na karani. Lakini barua iliwafaa wanawake hao kwa kuwa walikuwa na mamlaka ya kuituma. Ndiyo maana nashikilia kuwa chombo humpa mwanamke nguvu pale anapokuwa na kauli juu yake. Kufundishwa kukitumia tu hakutoshi.

Kwa kipimo hicho tuangalie pia kisomo na redio. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ikavuta watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania: walisikiliza kipindi katika vikundi, wakajadili, wakaafikiana kuchimba vyoo na kusafisha maji. Ilikuwa kazi kubwa, na anayeibeza anawakosea waliojifunza kusoma ukubwani. Hata hivyo, ajenda ilitoka Dar es Salaam. Kisomo nacho kilitumia herufi za Kilatini, hivyo mama wa pwani aliyejua za Kiarabu tangu chuo cha Kurani alianza darasa kama asiyejua kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanawake wa vijijini Lindi na Mtwara walikwenda Tilonia, India, katika Chuo cha Barefoot. Kwa miezi sita walijifunza kuunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua kwa rangi, ishara na mazoezi ya mikono, bila kutegemea vitabu. Wapo wanaouona mpango huu kama njia ya kukwepa kisomo. Hofu hiyo ina msingi, maana asiyesoma mkataba hupunjwa. Ila fundi anayerudi kijijini na ujuzi ambao wanaume hawana huitwa taa inapozimika, na utaratibu wa Chuo cha Barefoot ni kaya kuchangia kila mwezi ili alipwe. Mchango ukikoma, au betri ikifa na fedha ya nyingine haipo, ufundi wake hauna pa kushika. Kwa hiyo nafasi yake katika kamati ya kijiji inayoshika mfuko wa michango hiyo ina uzito sawa na safari ya India.